Chungu cha Raya

Mama hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alisimama mlangoni, akakitazama chungu kilichokuwa kinakauka kivulini, akasema, "Kikipasuka motoni, Mwanvita, mdogo wako amekikataa. Na wewe udongo usiuguse tena."

Mdogo wangu ni Raya. Masika yaliyopita mlima uliporomoka alfajiri hapa kwetu Matombo, ukafukia nyumba yake na migomba yote ya bondeni. Majirani zake walipatikana, wakazikwa. Yeye hakupatikana. Swala ya ghaibu ilisomwa msikitini, lakini mama alikataa katakata kuanua matanga. Alisema hajazika mtu.

Mimi ni mfinyanzi, kama mama alivyokuwa kabla vidole havijamkakamaa, na kulia sijui ila kwa mikono. Nilichota udongo wa maporomoko yale yale, nikafinyanga chungu kikubwa, nikakizungushia shingoni misuko ya twende kilioni, ile ya nywele ambayo Raya alikuwa akisuka kila Idi. Watu wakanung'unika kwamba udongo uliokula watu haufinyangwi. Mmoja aliniuliza nitapika nini humo. Nikamwambia ulimi wake.

Maneno ya watu sikuyajali. Niliogopa udongo wenyewe. Ulikuwa na changarawe, hata baada ya kuuponda na kuuchekecha mara kadhaa, na mawingu ya vuli yalikuwa yamekaa mlimani hayataki kuondoka. Kila asubuhi nilikiweka chungu shavuni. Kikiwa cha baridi, bado kina maji ndani, na chungu chenye maji hupasuka motoni. Kila asubuhi kilikuwa cha baridi. Usingizi uliniruka. Nikisikia upepo kwenye bati nilidhani mvua, nikisikia mvua nilidhani mlima.

Siku niliyokiona kina uvuguvugu kidogo, au nilijidanganya, nilipanga kuni na magome, nikafunika kwa nyasi kavu, nikawasha. Mama akaketi mbali, mtandio umemfunika mdomo. Alikuja pia mzee Abeid, mtani wetu. Kwa Waluguru mtani hana adabu msibani na hakuna wa kumkasirikia, kwa sababu ndiyo kazi yake. Tangu maporomoko alikuwa hajatutania hata neno moja. Hilo nalo lilinitia hofu.

Moto ukashika vizuri. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka. Nikaanza kuomba, nikasahau dua katikati, nikaanza upya.

Chungu kikalia. Mlio mmoja mkavu, ndani kabisa ya moto.

Mama akasimama, akageuka kwenda ndani. Mikono yangu niliiona kama ya mtu mwingine, nikawaza nitaipeleka wapi sasa.

Mzee Abeid akachukua mti, akachokoa moto, akatoa kipande chenye misuko, kimekatika vizuri shingoni. Akakigeuza huku na huku kwa ncha ya mti.

"Bi Mwaisha," akamwita mama, "hebu rudi. Raya huyu tangu lini akashika chungu kikabaki kizima? Vya dada yake vyote alivivunjia njiani kwenda sokoni. Leo mlitaka akipitishe motoni salama, amekuwa malaika?"

Ni kweli. Raya hakuwahi kunifikishia sokoni mzigo mzima. Nilikuwa nikimtukana hadi sauti inanikauka, naye anacheka tu, vigae mkononi.

Mama alisimama kizingitini akiwa ametupa mgongo. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia. Alipogeuka nikaona anacheka, na machozi yanamtiririka, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu."

Akaja mwenyewe kwenye majivu, mvua ikimnyeshea, akasubiri vigae vipoe. Akaviokota kimoja kimoja, hata vile vidogo, akavifunga kwenye kanga ya Raya iliyobaki kwetu. Kisha akamwambia mzee Abeid aende akatafute jembe.