Saa za Lamboni

"Ng'ombe walipotoka zizini, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la Madam Justa kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini. Alisimama kwenye veranda ya maabara, pekupeku, viatu ameviegemeza ukutani vikauke. Nauli ya bodaboda ilikuwa imepanda tena wiki ile, na barabara ya kutoka alikopanga mpaka shuleni ilikuwa tope tupu. Wanafunzi wake walikuwa wameketi sakafuni, magoti yamegusana.

"Nilikuwa naosha vyombo, madam."

"Walipofika malishoni?"

"Nikaenda palizi ya pamba."

"Palizi gani hiyo isiyokwisha?"

"Mama anasema bado, madam. Anasema hata wewe unakaribishwa."

Wakacheka, na yeye akacheka nao.

Justa alikuwa mwalimu wa kujitolea, mzaliwa wa Rombo, aliyesubiri ajira nyumbani mpaka akaona aibu kula ugali wa mama yake. Pale Bariadi alipewa kazi ambayo walimu wenzake waliikwepa: kuwafundisha wanafunzi jinsi ya kujisomea na kupanga muda. Mwanzoni aliwachorea ratiba nzuri kama alivyofundishwa chuoni. Saa moja jioni hadi saa tatu, kujisomea mezani. Wote waliijaza kwa mwandiko safi, na wote walidanganya. Nani angekuwa mezani saa moja jioni, na meza yenyewe haipo?

Ndipo akaiacha saa ya ukutani, akashika saa ya ng'ombe. Hata nyumba isiyo na redio ilijua mifugo inatoka lini, inakunywa maji lini, inarudi lini. Hapo ukweli ukaanza kutoka, na yeye akawa anautafuta muda uliojificha katikati ya kazi kama mtu anayeokota punje kwenye makapi.

Sharti lake lilikuwa moja. "Nidanganyeni kwenye mambo mengine. Kwenye muda wenu, hapana. Na mtakayoniambia yanabaki hapa hapa verandani."

Wa mwisho kufungua mdomo alikuwa Kabula, binti wa Mayige. Mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu, kaka zake walikuwa wamekwenda kutafuta maisha, kwa hiyo jikoni ni yeye, shambani ni yeye, na akitoka shule ndiye anayewapeleka ng'ombe lamboni kunywa maji.

"Sina muda madam, hata wa kujikuna."

"Ng'ombe wakishafika lamboni?"

"Pale ni foleni tu. Makundi ni mengi, nasimama nasubiri zamu."

"Basi shule yako ya jioni iko hapo."

Tangu siku hiyo Kabula alisomea lamboni, karatasi za baiolojia amezitia kwenye mfuko wa unga zisilowe. Matokeo ya mtihani wa kumaliza kidato cha tatu yalipotoka, F yake ilikuwa imegeuka C. Justa alimkumbatia mbele ya walimu wote, na hakujali nani alicheka.

Kisha mkuu wa shule, Mwalimu Januarius, akamwita ofisini.

"Madam, kuna nafasi chache za hosteli. Nataka wale ambao kwao hakusomeki kabisa. Wewe ndiye unayewajua. Nitajie."

Justa alikumbuka ahadi ya verandani, akasita. Lakini hosteli! Taa ya umeme, meza, na mtu wa kupika. Furaha ikamshinda, akawataja mmoja mmoja, akianza na Kabula. Ijumaa ya wiki ile ile akamwambia binti wa watu, "Jumatatu njoo na godoro."

Na Jumatatu yenyewe ndiyo hiyo. Kengele ilikuwa haijalia Mayige alipoingia getini akisukuma baiskeli, godoro limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira na tranka la bati juu yake. Kabula alimfuata nyuma akilishikilia lisianguke.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia mzee kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba Kabula. Karibu sana."

"Nimemleta. Ng'ombe nimempa mdogo wangu Masele, atakuwa anawapeleka maji. Wabeja, mayu, asante. Umetusaidia."

Justa alijua uzito wa maneno hayo. Katika kikao cha wazazi mwaka uliopita Mayige alisimama akasema wazi kwamba atamsomesha binti yake mpaka kidato cha nne, lakini akirudishwa darasa, anarudi nyumbani moja kwa moja. Kila mtu alimwelewa. Kulikuwa na ukoo kutoka Lagangabilili uliokwisha kutuma wajumbe, na ng'ombe wa mahari walikuwa tayari. Mayige alikuwa amewaambia wasubiri.

Kengele ikalia. Mkuu akasimama mbele ya mistari, karatasi mkononi.

"Wafuatao hawatasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne mwaka huu. Watarudia kidato cha tatu, ili wapate muda wa kutosha wa kujiandaa. Kabula Mayige."

Justa alidhani amesikia vibaya. Jina la pili likaja, na la tatu. Yalikuja kwa mpangilio ule ule aliowataja yeye ofisini. Mkuu hakuwa amejisumbua hata kuyapangua. Akatamani ardhi ya Bariadi ipasuke.

Alimfuata ofisini bila kubisha hodi.

"Uliniambia hosteli, mwalimu."

"Kaa kwanza, madam."

"Sikai. Uliniambia hosteli."

Januarius akavua miwani, akajifuta uso. Hakuonekana mtu mwovu. Alionekana amechoka.

"Hosteli ina vitanda sita, na nimeshapigiwa simu kuambiwa vya nani. Hayo sikuyapanga mimi."

"Kabula amepata C."

"C ya lamboni. Mtihani wa taifa ni mwezi wa kumi na moja, na kabla yake kuna mavuno ya pamba. Atakuwa na muda? Wewe mwenyewe umeniambia hana." Akashusha sauti. "Mwaka jana nilisimamishwa kikaoni mbele ya wakuu wenzangu nieleze ziro za wanafunzi wangu. Hawakuuliza nani anachunga na nani anapika. Waliuliza ziro. Nikipata nyingine ninashushwa cheo."

"Kwa hiyo nilikuwa nakuchagulia wa kufukuza."

"Sijafukuza mtu. Nimepanga muda, kama unavyofundisha wewe." Akavaa miwani. "Na kazi yako imetusaidia mno. Bila wewe tungebahatisha. Nimeitaja kwenye ripoti yangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema mtu afanye nini akigundua kwamba nguo yenyewe ndiyo yeye.

Nje, Mayige alikuwa bado hajashusha mzigo. Alimsikiliza Justa mpaka mwisho, mkono juu ya tandiko la baiskeli.

"Kwa hiyo hosteli hakuna."

"Hakuna, baba. Nisamehe. Lakini C yake ni ya kweli. Akirudia mwaka mmoja tu..."

"Wale wageni niliwaambia wasubiri," alisema mzee, bila kumtazama mtu. "Sasa niwaambie nini?"

Kabula alikuwa hajalia. Alimkazia mwalimu wake macho.

"Madam, mkuu alijuaje habari za kwetu?"

Angeweza kudanganya. Alifungua mdomo adanganye, ukamgomea.

"Nilimwambia mimi. Nilidhani anakupa kitanda."

"Ulisema yanabaki verandani."

Hakupandisha sauti. Alimsaidia baba yake kuikaza kamba upya, wakaigeuza baiskeli, wakatoka getini godoro likiyumba. Justa aliwatazama mpaka wakapotea nyuma ya maghala ya pamba, na hasira aliyokuwa nayo kwa mkuu ikamgeukia mwenyewe. Mdomo wake ndio ulioponza, na kichwa kilichoponzwa kilikuwa cha mtoto wa mwenzake.

Kesho yake asubuhi alirudi verandani kwa sababu ratiba ilisema arudi. Waliobaki walikuwa wameketi sakafuni, lakini safari hii kila mmoja alijitenga kidogo na mwenzake.

"Salu," alimwita kijana aliyekuwa karibu. Suruali yake ilikuwa na tope la kwato mpaka magotini. "Jana ng'ombe walirudi saa ngapi?"

Salu alitazama sakafu.

"Kwetu hatuna ng'ombe, madam."

Hakuna aliyecheka. Justa akamgeukia msichana wa pembeni yake.

"Elina. Jana jioni ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa najisomea, madam. Saa moja mpaka saa tatu."

"Wapi?"

"Mezani."

Alimtazama yule mtoto, mikono imechubuliwa na jembe, kucha zimejaa udongo mweusi. Ilikuwa miezi mingi tangu asikie jibu safi namna ile.

"Vizuri, Elina," alisema hatimaye. "Na yeyote atakayewauliza, mjibuni hivyo hivyo."