Maneno Matano kwa Siku

Miaka minane Magige alikuwa mkwe wa boma moja huko Kendu Bay, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuzungumza na mama mkwe wake moja kwa moja. Si kwamba walikosana. Yeye alikuwa Mkuria, fundi wa kuchomelea milango ya chuma pale Suna. Mama Phelesia alijua Kijaluo tu. Kila neno lilipitia kinywani mwa Emmaculate, mkewe, naye Emmaculate alipenda kufupisha. Mama aongee dakika tano nzima, mkewe ageuke: "Anasema karibu."

Januari, Magige akapakua kwenye simu programu ya kujenga mazoea. Akaandika lengo lake: maneno matano ya Kijaluo kila siku. Jioni simu ikilia, alimfuata mkewe jikoni, mikono ingali na masizi, akafundishwa, kisha akabonyeza alama ya vyema huku akitabasamu peke yake. Siku arobaini na tatu mfululizo! Siku iliyofuata kazi ya kuchomelea geti la kanisa ikamchelewesha, akasahau, na hesabu ikarudi sifuri. Alinuna mpaka chai ikapoa.

"Kwani maneno yamefutika kichwani?" Emmaculate akamuuliza. "Jogoo ni nini?"

"Thuon," akajibu shingo upande.

"Basi anza tena, baba."

Pasaka wakaenda Kendu Bay. Mama Phelesia akaandaa ugali na samaki, na kama kawaida, kwa heshima ya ukwe, akageuka kuondoka. Magige akajikaza. Alitaka kusema ana njaa, na kwa Kijaluo njaa humuuma mtu. Bahati mbaya wiki hiyo alikuwa akijifunza wanyama.

"Mama, guok kaya!"

Mbwa ananiuma! Mama akanyakua mwiko, akainama chini ya meza kumsaka huyo mbwa. Emmaculate alicheka hadi akashikilia ukuta. Mama akainuka taratibu, akamtazama mkwewe, akaitazama sahani yake iliyokuwa bado tupu, akaelewa.

"Kech," akasema, akijishika tumbo. "Kech kaya."

"Kech kaya," Magige akarudia, masikio yakimwaka moto.

Mama naye akaangua kicheko. Akavuta kigoda karibu na mlango, akaketi, akaanza kumtajia polepole kila kilichokuwa mezani. Emmaculate alipofungua kinywa kutafsiri, mama alimnyamazisha kwa mkono. Magige akikosea, walicheka wote; akipatia, aliongezewa samaki. Alikula siku hiyo mpaka akalegeza mshipi.

Asubuhi yake mama alisimama uani akaita. Emmaculate akaitika.

"Si wewe," mama akamjibu kwa Kijaluo, kisha akapaza sauti: "Wuoda, bi!"

Mwanangu, njoo. Magige alitoka mbio, hata viatu hajavaa.