Volkswagen Iliyopiga Magoti

Mekuria alichomoa shokapu ya mbele kushoto, akaikandamiza kwa uzito wa mwili wake wote, kisha akaiachia. Ikapanda taratibu, kama shokapu nzima inavyopanda. Ya kulia nayo vilevile. Hakufurahi, maana alikwishamwambia mwenye gari kwamba zote mbili zimekufa.

Mwenye gari alikuwa Yeshimebet, aliyeitwa Etete kwa heshima ya umri wake, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na miwili, aliyekaa juu ya tairi kuukuu na kikombe chake cha kahawa. Volkswagen yake ya mgongo wa kobe ilikuwa na tabia ya kupiga magoti. Mashimo ya Addis Ababa iliyapita yote bila kulalamika, lakini ikifika kwenye maegesho ya ofisi moja, kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, pua ilishuka mpaka bampa ikagusa lami. Ilikaa hivyo kwa muda wa kusali Baba Yetu, kisha ikainuka.

"Wewe Mekuria, mwaka jana ulisema springi, leo shokapu. Mwakani utasema ni mimi."

"Safari hii nabadilisha kila kitu, Etete. Ikiinama tena, nitafunga gereji nikauze vitunguu."

Akafunga shokapu mpya, bushi mpya, boljointi za juu na za chini, akapaka grisi pote. Wakaenda kuijaribu. Gari lilienda laini hata kahawa isingemwagika. Kwenye maegesho likapiga magoti.

Mekuria alishuka, akachungulia chini. Hakuna kilicholegea.

"Gari halina kosa," alisema. "Lilikuwa la nani?"

"La mume wangu, Demissew. Wenye bunduki walimchukua asubuhi moja, ndani ya gari lake mwenyewe. Jioni likarudi. Yeye hakurudi."

Mekuria akavua kofia, akaitazama lami chini ya bampa. Habari ya msiba haitolewi mchana, tena barabarani. Mlinzi akaja kuwaambia hapo hapasimamwi.

"Ngoja liinuke," alisema Mekuria, na mlinzi akangoja.

Kwa miaka arobaini na minne tangu siku hiyo, Yeshimebet alikuwa amepika katika misiba ya watu. Wake haukuwahi kukaliwa, kwa kuwa chama cha kuzikana kina kanuni yake: pasipo maiti wala shahidi, turubai halitoki.

Kesho yake alfajiri, saa ambayo habari kama hiyo hupelekwa, Mekuria alibisha hodi pamoja na wazee watatu wa chama. Yeshimebet alifungua, akaziona kofia mikononi mwao.

"Semeni," alisema.

"Demissew amefariki."

Akapiga yowe lililoamsha mtaa mzima. Lilimtoka vizuri, na moyo wake ukapata nafasi. Wanawake walipokuwa wakimgeuzia shuka lake, pindo likae juu kama la mfiwa, katibu wa chama alimvuta Mekuria kando.

"Shahidi nani?"

"Limo uani. Nimelikagua mwenyewe, ni zima."

Katibu akaenda uani, akaandika namba ya gari. Turubai likatoka.

Siku ya tatu jirani wa Yeshimebet, Zewditu, alimletea ngano ya kuchemsha na kumsihi anyamaze asije akaugua.

"Niache, dada. Nina kilio cha miaka arobaini na minne, na turubai ni la siku tatu tu."

Jioni hiyo wazee walileta jibu la wenye maegesho kwa ombi la kumchimbua Demissew: hapachimbwi. Lami ni mpya, na wakubwa hawana pengine pa kuegesha.

"Wanaegesha juu yake?"

"Juu yake, Etete."

Aliitikia kwa kichwa, akala, akashiba. Turubai lilipokwisha kukunjwa alikwenda kufunga lango. Komeo likagoma kwa kutu, ikabidi Mekuria alipake grisi. Halikuwa limefungwa tangu jioni ile gari liliporudi bila mwenyewe.