Ukurasa wa Kumi na Tisa

Kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyethubutu kumwuliza Profesa Orrin Veltkamp kuhusu ukurasa wa kumi na tisa. Katikati ya uthibitisho wa hisabati uliompa jina, hasa pale panapokuwa pagumu, ameandika, "Ni rahisi kuona," kisha akaruka hadi mwisho.

Kuuliza ni kukiri kwamba huoni. Na hao watu wa nadharia ya makundi, ambao kazi yao ni kuchunguza njia za kukigeuza kitu kikabaki vilevile, wanaogopa kuonekana wajinga kuliko wanavyoogopa kuwa wajinga. Basi walitikisa vichwa kukubali, wakaitaja hoja ya Veltkamp kwenye makala zao, wakapandishwa vyeo.

Lorna Pietrzak, mwanafunzi wake wa zamani, naye alitikisa kichwa. Kazi yake ya miaka saba, kurasa tisini, ilikuwa imekubaliwa na jarida kubwa, na yote ilisimama juu ya hoja ile. Nakala ya mwisho ilitakiwa Jumatatu. Mwezi Januari alijaribu kujiandikia ile hatua iliyorukwa, apate kutulia tu. Ikamkatalia. Aliihangaikia miezi mitatu, ikazidi kukataa.

Ijumaa hiyo chuo kimoja cha Ohio kilikuwa kimeita mkutano wa kumpongeza mzee kwa kutimiza miaka sabini na mitano. Veltkamp alihutubia saa nzima juu ya makuu yake. Alipomaliza, mkuu wa idara, Dale Humphries, akauliza kwa adabu tu kama kuna swali. Lorna akanyoosha mkono.

"Orrin, ukurasa wa kumi na tisa. Ile hatua ya katikati mimi siioni."

Mzee akatabasamu kama mtu aliyepakatishwa mtoto aliyejikojolea. "Lorna, binti yangu, miaka ishirini wewe ni profesa. Unataka nikushike mkono uvuke barabara?"

Ukumbi ukacheka. Lorna aliwatazama safu kwa safu, akaona jinsi wengi walivyochungulia kwanza uso wa jirani, ndipo wakacheka.

"Nishike basi," alisema. "Chaki hiyo hapo."

Mzee akaichukua. Aliandika mstari wa kwanza, akaandika wa pili, akaufuta wa pili kwa kiganja. Kisha akasimama amewapa mgongo, muda mrefu, kama mtu anayejipapasa mifuko mlangoni na funguo hana. Mwishowe akasema jambo lenyewe linajulikana, ni refu tu na linachosha, yeyote mwenye alasiri moja ya bure atalijaza. Dale akainuka haraka kutangaza kwamba sandwichi zimefika.

Kwenye foleni ya chakula wenzake walimjia Lorna mmoja mmoja. Mwanamume mwenye upara kutoka Michigan alimnong'oneza, huku akichagua pakiti ya krispi, kwamba tangu mwaka 1994 hajawahi kuiona hatua ile. Mama mmoja wa Toronto alikuwa ameitumia katika makala sita. Kahawa ilipokwisha walikuwa wametimia tisa, na kila mmoja alikuwa amejidhani mjinga peke yake. Lorna akawauliza kama watatia sahihi barua kwa jarida. Huyu alikuwa anangoja fedha za utafiti, yule alikuwa na wanafunzi wa kulinda.

"Dada, mzee ana miaka sabini na mitano," alisema mwenye upara. "Mwache afe kwanza."

"Halafu tukuzike na wewe, ndipo tuseme?"

Akaenda zake na krispi zake. Lorna aliwadharau wote tisa, mpaka hesabu ikamfikia yeye mwenyewe. Yeye alikuwa wa kumi, tena aliyefaidi kuliko wote.

Hakurudi ukumbini. Alikaa ndani ya gari uwanjani pa maegesho, kompyuta mapajani, akamwandikia mhariri kwamba anaiondoa makala yake. Mhariri alijibu upesi: je, ameifikiria vizuri miaka saba? Si angeitaja tu hoja ya Veltkamp kama wanavyofanya wenzake wote?

Lorna akajibu kwamba hatua ya ukurasa wa kumi na tisa haina uthibitisho, na kwamba watu kumi katika mkutano ule wanalijua hilo. Akaorodhesha majina yao yote kumi, la kwake likiwa juu, akatuma.