Alama ya Zanetto

Taddeo Righetti aliamka na hasira za kutosha kuichoma monasteri nzima, akazibeba mpaka kanisani pamoja na nyundo yake.

Dari ya matao ya kikanisa kipya cha watawa aliijenga yeye. Yeye, mdogo wake Zanetto na mafundi wenzao wa bonde la Mesolcina, ng'ambo ya milima, watu wa kuivuka kila theluji inapoyeyuka, wakaijenge Bavaria, nchi ya wenyewe, kisha warudi kwa wake zao baridi inapoanza. Mwaka huu Zanetto hatarudi. Aliteleza kwenye jukwaa la ujenzi, akafa, akazikwa nje ya ukuta wa makaburi, upande wa wageni, bila hata kijiwe. Kwa hiyo Taddeo alitaka kitu kimoja tu: alama ambayo mdogo wake aliichonga kwenye kila jiwe lake, msalaba wenye mguu uliopinda, ichongwe kwenye jiwe la kati, juu kabisa ya dari.

Lakini chama cha waashi cha mji hakikubali mgeni aitwe fundi mkuu. Kwenye makaratasi mjenzi ni Veit Loderer, mwenyeji, mtu wa tumbo na kofia nzuri, ambaye jukwaa lile hakulipanda hata siku moja. Mgeni avunje mgongo, mwenyeji avae sifa, na bado mgeni aseme ahsante. Upuuzi mtupu.

Siku hiyo mbao zilizoishikilia dari zilikuwa zinaondolewa. Kwa waashi, wa mjini na wa milimani, desturi ni moja: aliyejenga anasimama chini ya dari yake wakati kabari zinazokaza mbao zinagongwa zitoke. Ikiporomoka, imwangukie yeye. Ikisimama, jiwe la kati linachongwa alama yake.

"Fundi Veit, nenda mahali pako," alisema Abate, mkuu wa monasteri.

Veit alikwenda akasimama katikati, jasho likimtiririka. Taddeo akapiga magoti kwenye nguzo ya mbao ya jirani, akagonga kabari ya kwanza taratibu, makusudi. Mbao zikalia. Vumbi likaangukia ile kofia nzuri.

"Unatetemeka, bwana mkubwa," Taddeo alimnong'oneza. "Mlango ule pale. Kimbia."

"Sikimbii."

"Na hilo jasho?"

"Naogopa, kwa nini nikudanganye? Lakini umejenga wewe. Ningejenga mimi, saa hizi ningekuwa nimeshafika sokoni."

Nyundo ilibaki hewani. Kumbe mtu huyu alijua. Muda wote ule alijua, na alikula na kulala vizuri tu. Hasira ikampanda Taddeo upya, kali kuliko ya asubuhi.

"Basi waambie hao. Sema kwa sauti."

"Chama kitanifukuza, Taddeo. Nina watoto."

"Hata Zanetto alikuwa nao."

Taddeo akazigonga kabari zilizobaki kwa nguvu zake zote. Mbao zikashuka, dari ikabaki palepale, na watu wakampigia Veit makofi.

Ngazi ndefu ikaletwa. Veit akaitazama.

"Miguu imeniishia, Baba Abate. Taddeo anichongee."

Taddeo akapanda. Kule juu hakumwuliza mtu. Akachonga msalaba, kisha mguu wake uliopinda, akaupuliza unga wa jiwe. Chini, Abate alikunja uso.

"Hiyo ndiyo alama yako, Fundi Veit?"

Veit alitazama juu. Alama ile alikuwa ameshaiona kwenye mawe mengi ya ukuta ule.

"Ndiyo, Baba. Ni yangu."

Taddeo aling'ang'ania ngazi asije akamrukia. Neno lile limeiokoa alama isifutwe, na papo hapo limemwibia Zanetto mara ya pili. Akashuka. Veit akamnyooshea mkono, na Taddeo akauacha uning'inie.

"Alama umeichukua," alimwambia. "Basi na kaburi la Zanetto ni lako. Kaliwekee jiwe."

Kisha akaenda kufunga mizigo.