Kalooli wa Ntinda

Jumatatu asubuhi Zubairi alikuwa akisukutua mdomo nyuma ya nyumba yake, Kisugu, aliponyanyua kichwa akaona kalooli amesimama juu ya bati, upande wa chumba cha kulala. Alitema maji, akasuuza mswaki, akamwita mkewe. Husnah alitoka na kikombe mkononi, akatazama juu, akasema huyu ni mkubwa. Kisha akaingia ndani kuongeza maji ya chai, kwa sababu majirani wangeanza kufika.

Kampala ina kalooli wengi kuliko mashimo ya barabarani. Ni wale korongo wenye upara na kifuko kinachoning'inia shingoni, wanaokula majalalani na kutembea kama mahakimu waliostaafu. Wengi wao hawana neno na mtu. Lakini mahakama ikitoa waranti ya kumkamata mtu, kalooli mmoja hutua juu ya paa lake, na hapo hukaa, mwenyewe akitoka humfuata, mpaka afikishwe mbele ya hakimu. Kumtofautisha na yule anayepumzika tu si kazi: unamrushia matumbo ya samaki. Akila, ni njaa yake. Asipokula, yuko kazini. Watu wa Kisugu hupenda kusema kwamba huyo ndiye mtumishi pekee wa serikali asiyekula kazini.

Husnah alirusha matumbo ya sato. Kalooli aliyatazama, akageuza shingo pole pole upande wa pili, kama mgeni aliyekaribishwa chakula naye ametoka kula kwingine.

"Baba Zubaida," Husnah akasema, "huyu iko kazini."

Zubairi hakuogopa korokoro. Alikuwa dereva wa lori tangu ujana, na dereva ambaye hajawahi kulala korokoroni huyo bado ni utingo. Kilichomkata maini ni Jumamosi. Siku hiyo binti yake Zubaida alikuwa aolewe na Yasiin, na wazee wa Yasiin wangefika kutoka Arua Ijumaa jioni, si kabla. Dada mkubwa wa Zubaida alipoolewa, Zubairi alikuwa njiani kwenda Juba na mzigo wa tajiri wake, na mjomba ndiye aliyemwozesha binti kwa niaba yake. Ilikuwa halali kabisa. Sheikh alisema hivyo na kila mtu akakubali, isipokuwa bibi harusi, ambaye mpaka leo akija nyumbani humsalimia mama kwanza, akae, anywe chai, ndipo amuulize baba kama mvua imenyesha. Safari hii Zubairi alikuwa ameapa mbele ya Zubaida kwamba mkono wa bwana harusi ataushika yeye, na maneno atayatamka kwa kinywa chake.

Kwa hiyo ilibidi ajue hiyo waranti ni ya nini, maana nyingine hutolewa kwa makosa. Na njia ya kujua ni moja tu, kwenda kituoni kuuliza. Jirani yake Jean-Pierre, fundi cherehani kutoka Bukavu ambaye naye aliwahi kutuliwa na kalooli, alikuja kumpa ushauri huku amebana pini midomoni.

"Papa Zubairi, usiende na viatu," alisema. "Vaa sapatu. Na mukaba uache hapa. Wanakuvulishaka kwa kaunta, na siku unatoka, viko mu miguu ya mutu mwingine."

Ushauri ulikuwa mzuri. Jumanne asubuhi Zubairi alikwenda kituoni kwa sapatu, bila mkanda, akiishikilia suruali kwa mkono wa kushoto, naye kalooli akiruka mbele yake kutoka mlingoti hadi mlingoti. Kwenye kaunta alimkuta Koplo Aloyo, mama wa makamo mwenye macho ya usingizi. Kabla hajaamkiwa, Aloyo aliinama akamtazama miguu, akasema huyu amekuja kuuliza waranti. Aliyeibiwa kuku huja na viatu.

Kompyuta ilikuwepo, ila mtandao haukuwepo. Aloyo akavaa kofia, akatoka nje, akamzunguka kalooli aliyekuwa ametua juu ya gari bovu la polisi. Akarudi akaketi.

"Waranti iko," akasema. "Lakini hii si kalooli ya huku. Hii ya Ntinda, kwa matajiri."

Zubairi akauliza amejuaje.

"Angalia tumbo, mzee. Ya kwetu huku ziko nyembamba."

Kisha akamwambia aende nyumbani. Alimweleza kwa upole kwamba kukamata ni Ijumaa. Gari hupata mafuta Ijumaa, na tena mtu akikamatwa Ijumaa jioni hakimu hayupo mpaka Jumatatu, hivyo mtu hupata nafasi ya kutulia. Zubairi naye akamweleza habari za harusi, mwanzo mpaka mwisho. Aloyo akampa hongera.

"Afande, Jumapili haiwezekani?"

"Jumapili mimi nakwenda kanisa."

Ntinda nzima Zubairi alimjua mtu mmoja, Nashon, tajiri wake, mwenye lori aliloliendesha. Alipanda bodaboda akaenda, na alipofika kalooli alikuwa ameshatangulia, amesimama juu ya ukuta kama mtu wa nyumbani. Askari wa geti alifungua, akamtazama ndege, akasema kumbe amerudi. Zubairi akaomba maelezo, akapewa. Ndege huyo alikuwa juu ya paa la bosi tangu mvua zilipokatika. Bosi alimrushia matumbo, hakula. Akamrushia kuku, hakula. Akamrushia mguu wa mbuzi, akaufikiria. Baada ya mbuzi kurudiwa siku kadhaa akashuka, akala, bosi akamsogelea akamnong'oneza jambo, naye akaruka kuelekea Kisugu.

Hapo Zubairi akaelewa. Kabla ya mvua, Nashon alikuwa amemtuma kumwaga udongo kwenye kinamasi ili apate kiwanja. Kibali, alisema, kiko kwenye mfuko wa koti jingine. Mvua ilipokuja, maji yalikosa pa kwenda yakaingia vyumbani mwa watu, na watu hao wakaenda mahakamani.

Nashon alitoka na malapa ya bafuni, akafurahi kumwona. Aliagiza aletewe juisi.

"Bosi, hii ndege ilikuja kwa wewe," Zubairi akasema.

"Ilikuja kwa lori, mzee," akajibu Nashon. "Na lori, nani alikuwa anaendesha?"

Alisema bila ugomvi, kama mtu anayekumbushia saa. Akauliza harusi ni lini, akaahidi kutuma mchango wake. Mpishi alipotokea jikoni na kurusha ubavu wa mbuzi, kalooli aliudaka hewani, akaumeza, kisha akaja kusimama nyuma ya Zubairi. Zubairi aliimaliza juisi, kwa sababu kumwachia mtu juisi yake ni utovu wa adabu. Harusi ya binti wa kwanza aliikosa kwa ajili ya mzigo wa mtu huyu. Sasa na ya pili.

Husnah aliposikia habari za mbuzi hakukaa kulia. Alichukua paja zima kutoka kwenye nyama ya harusi, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda akaliweka juu ya bati, miguuni pa kalooli. Ndege alilinusa. Akalisukuma kwa ncha ya mdomo mpaka likaanguka uani, paka wa Jean-Pierre akalipokea. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Husnah alishuka ngazi akiwa amejifunza kwamba hata mkono wenye nyama huangaliwa kwanza ni wa nani.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, gari la polisi lilifika likiwa na mafuta. Aloyo alibisha hodi, akakaribishwa chai, akanywa. Zubairi alikuwa tayari na sapatu zake. Zubaida, hina mikononi haijakauka, akasimama mlangoni.

"Baba, uliapa."

"Niliapa mkono na maneno," Zubairi akasema. "Mahali sikutaja."

Basi Jumamosi harusi ilikwenda kituoni. Wazee wa Arua walikaa kwenye benchi la walalamikaji. Akina mama walitandika mikeka barazani, wakaweka masinia ya pilau chini ya vifuniko vya ukindu vya rangi, wakapiga doluka, ngoma yao ya Kinubi, kwa sauti ya chini kwa kuheshimu walioko ndani. Aloyo alifungua mlango wa chuma, akamleta Zubairi hadi kaunta, peku, kwa sababu hata sapatu zilikuwa zimepata mguu mwingine. Sheikh akasoma hotuba. Zubairi akaushika mkono wa Yasiin kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akaishika suruali, akamwoza binti yake kwa kinywa chake mwenyewe bila kubabaika hata neno moja. Mahabusu wakaitikia amina kupitia vyuma.

Binti mkubwa alikuwa amesimama karibu na ubao wa watu waliopotea. Aliposogea, alimpita mama yake, akamsalimia baba kwanza. Zubairi alitaka kumkumbatia, ila mkono uliobaki huru ulikuwa mmoja, akamkumbatia kwa huo.

Pilau ikaliwa, na mahabusu wakapata, na Aloyo akaongezwa. Husnah akatoka nje na sahani kumjaribu kalooli, aliyekuwa juu ya paa la kituo, upande wa korokoro. Hakuiangalia. Wakati huohuo akafika askari wa geti la Nashon na mchango wa harusi, mguu wa mbuzi ndani ya mfuko wa plastiki, na salamu nyingi. Husnah alipokea, akashukuru, akaenda kuuweka juu ya boneti la lile gari bovu ajionee. Kalooli akashuka. Akala mpaka mfupa, akajifuta mdomo kwenye kioo cha mbele, kisha akapaa na kurudi palepale alipokuwa, juu ya korokoro.

Zubairi, aliyekuwa amesharudishwa ndani, akauliza kupitia vyuma kama ndege ameondoka. Husnah akamwambia amekula, amerudi kazini. Zubairi akafunga fundo kwenye kiuno cha suruali, akauliza kama pilau imebaki.