Kitambaa Kwenye Pembe

Kwa kina Mokami, pale Kenyamonta, kitu hakitoki katika boma lenye msiba mpaka matanga yaishe. Hata moto jirani haombi. Kwa hiyo Dokta Awiti alipofika na kisanduku chake cha barafu kuomba maziwa na mavi ya ng'ombe, kaburi la Werema, mume wa Mokami, likiwa bado bichi, watu walimtazama Mogesi, mdogo wa marehemu.

"Ninyi Wajaluo samaki wamewaishia ziwani," Mogesi alisema, "mpaka mnakuja kuokota mavi ya Wakurya?"

"Samaki wapo, shemeji. Mavi yenu ndiyo yananikosesha usingizi."

Wazee wakacheka, msiba au si msiba. Lakini Mogesi hakubanduka mlangoni mwa zizi.

Mokami alimfahamu huyu mwanamke. Hakuwa daktari wa kutibu. Alikuwa mtafiti wa bakteria, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ndiye aliyepitisha kijiti cha pamba kwenye kidonda cha Werema hospitalini, mzee akiwa bado anawatania wauguzi. Kidonda chenyewe kilikuwa cha panga tu, mguuni. Werema alikimwagia unga wa vidonge vya rangi mbili, kisha akajidunga dawa ya ng'ombe iliyobaki. "Iliyomwinua fahali itashindwa kuniinua mimi?" alisema. Ndivyo walivyofanya siku zote: ng'ombe akisimama, sindano zinakoma, chupa inarudi darini kumsubiri mgonjwa mwingine, awe na pembe au asiwe nazo. Safari hii dawa haikufua dafu. Alipopelekwa hospitali, ugonjwa ulikwisha kuingia damuni.

"Unataka kuyafanyia nini, mwanangu?" Mokami aliuliza.

"Mama, wadudu waliomuua Mzee wameizoea dawa. Nataka kujua kama wanaishi hapa nyumbani. Kama wapo, hawajamaliza kazi."

Mokami alimtazama Robi, mkwewe, aliyesimama na tumbo kubwa. Robi ndiye aliyekuwa akikiosha kile kidonda. Robi ndiye aliyekamua ng'ombe. Akainuka.

"Mogesi, mpishe. Mwiko nimeuvunja mimi, si wewe. Werema akikasirika, anajua ninapolala."

Robi alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume. Hawajakaa sana nyumbani, mshono ukaanza kutoa usaha, na homa ikamshika hata mtoto hambebi. Joel, mumewe, akapandisha mkono darini.

"Iache hiyo chupa," Mokami alisema. "Baba yako aliishika. Kawashe pikipiki."

Hospitalini Mokami alimpigia Awiti simu kabla hajakaa. Awiti akaja, akazungumza na daktari wa zamu, kisha akamwonyesha Mokami picha kwenye simu yake: kisahani ambamo alivikuza vijidudu vya Werema, juu yake vikaratasi vidogo vyenye dawa mbalimbali. Kwenye kikaratasi cha dawa ya ng'ombe vijidudu vilikuwa vimekaribia kabisa, kama mifugo inayolisha hadi ukingoni mwa njia. Kandokando ya kikaratasi kimoja tu palikuwa peupe.

"Hii wanaiogopa," Awiti alisema. "Na hawa hawa nimewakuta kwenye mavi ya zizi lenu. Bila yale mavi ningedhani Mzee aliwapata kwingine, na Robi angeanzishiwa dawa ya kawaida. Sasa daktari ameanza na hii, huku tunapima usaha wake."

Mokami alikaa kando ya kitanda, kichanga mapajani, mpaka Robi alipofumbua macho akaomba uji, na kwamba uwe na sukari. Hapo ndipo Mokami alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Werema alikuwa ameondoka, lakini kidonda chake kilikuwa kimemwonyesha daktari njia.

Nguo za marehemu zilipogawanywa, Mokami alibakiza shati jekundu. Alilichana vipande. Siku hizi ng'ombe akidungwa, sindano humalizwa alivyoagiza bwana mifugo, na kipande cha shati hufungwa kwenye pembe yake: maziwa yake yanamwagwa mpaka kifunguliwe. Mogesi huwaambia wageni, "Ukiona shati la kaka, weka kikombe chini."

Awiti alipokuja kumwona mtoto, ambaye sasa aliitwa Werema, Mokami alimchemshia maziwa mwenyewe. Akampa kikombe kwa mikono miwili, akamwonyesha ng'ombe aliyesimama karibu na lango, pembe zake tupu.

"Kunywa, mwanangu. Ni ya yule."